Isale la Kwenye Simu

Jumamosi saa tatu asubuhi Gidioni alikuwa anazunguka kihamba chake, simu ameishika kifuani kwa mikono miwili, polepole, hatua kwa hatua, kati ya migomba na mibuni. Mkewe Elisifa alimwona kupitia dirisha la jiko akajua kwamba leo majani ya ng'ombe atayakata mwenyewe.

"Unatafuta mtandao?" akamwuliza.

"Napima shamba."

"Limeongezeka?"

"Usinisemeshe, mama Loveness. Nikisimama inakosea."

Programu hiyo ya kupimia mashamba alikuwa ameipakua jana yake. Ilikuwa ya bure, haikuwa na matangazo, na haikuomba ruhusa ya kusoma majina ya watu kwenye simu yake; kwa Gidioni hiyo ilikuwa programu yenye hofu ya Mungu. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu pale sokoni Mwika, na humo kibandani maoni yalikuwa mengi kuliko vipuri. Aliamini kwamba chaja za bei ya karanga zimeua betri nyingi kuliko uzee. Aliamini kwamba mtu mwenye akili hasasishi simu siku ya Ijumaa, maana ikigoma atakaa bubu mpaka Jumatatu fundi afungue. Tochi inayoomba kusoma ujumbe wako, alisema, ni mwizi aliyekuja na taa yake. Simu ndogo za vitufe, zile za kiswaswadu, alizivulia kofia hadharani: zinaanguka, zinaokotwa, na mazungumzo yanaendelea. Na zaidi ya yote aliwakemea watu wanaobonyeza "nakubali" bila kusoma maandishi madogo. Maandishi makubwa, alisema, ni ya kuuzia. Ukweli wote umewekwa kwenye yale madogo.

Kila Jumamosi aliyamwaga maoni haya kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, Wana wa Ndekirwa, lenye watu themanini na sita kutoka Mwika mpaka Dar, Mwanza, na mmoja Ujerumani ambaye huandika heri ya Krismasi tu. Ilikuwa sauti ya dakika saba, na mwenyewe aliiita Neno la Teknolojia. Wengi waliisikiliza kwa kasi maradufu. Alijua, na hakukasirika. Kuongeza kasi nako ni kuijua simu.

Jumamosi hii alikuwa na kitu kizuri kuliko sauti. Marehemu baba yake aliacha karatasi inayosema kwamba upande wa chini wa kihamba, kule kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, upana wake ni mita thelathini na moja. Simu ilisema ishirini na saba. Upande mmoja kuna barabara, na barabara haijasogea. Upande wa pili kuna kihamba cha baba yake mdogo, Mzee Sylvanus, na katikati yao mstari wa masale. Gidioni akapiga picha ya kioo, akaandika kwenye kundi:

"Wapendwa, setilaiti haina upendeleo! Kule chini masale ya baba mdogo Sylvanus yameingia kwetu mita nne. Oneni programu ilivyo makini!"

Akaongeza mikono mitatu ya kupiga makofi. Kusema kweli, hizo mita nne hazikumshughulisha hata kidogo. Zilikuwa na migomba mitatu na shimo la takataka. Alichokuwa anakisifia ni programu. Akaitia simu mfukoni, akaenda zake kazini akipiga mluzi.

*

Mtu asiyetoka mlimani akiyaona masale anaweza kudhani ni maua ya uani. Ni mmea wa majani marefu, hauliwi na ng'ombe, haufi upesi, na hauna bei sokoni. Lakini kwa Wachaga ndio ukuta, ndio hati, na ndio shahidi. Aliyeupanda mpakani mara nyingi ameshazikwa hatua chache kutoka hapo, na anayeung'oa usiku na kuusogeza hasamehewi kirahisi. Wapo wazee waliokufa na watu wakakataa kushika jembe kuwafukia. Na jani hilo hilo, likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, ndilo linaloomba msamaha, na anayelipokea hana ruhusa ya kulikataa.

Mzee Sylvanus, mwenye miaka sabini na minne, hakuwa kwenye kundi. Simu yake ilikuwa kiswaswadu kilichofungwa kwa mpira. Lakini saa sita haijafika, Godwin, kijana wa ukoo anayeuza viatu Dar, alikuwa ameshampigia.

"Shikamoo babu. Eti ni kweli, mita nne?"

"Mita nne za nini?"

Godwin akamsomea. Alimsomea na mikono ya makofi.

Jioni Loveness, binti wa Gidioni wa kidato cha pili, alivuka kwa babu yake kama alivyovuka kila jioni kwa miezi minane. Jumapili ya wiki iliyofuata alikuwa anapata kipaimara, na mafundisho yake yote aliyasoma barazani kwa Mzee Sylvanus. Mzee aliuliza, mtoto akajibu, na bibi Mektrida akaleta maziwa mgando. Siku hiyo hazikupita dakika tano akarudi, daftari limefungwa.

"Babu amesema niende kwa wenye setilaiti wakanisikilize," akasema. Kidevu kilimtetemeka. "Na amesema Jumapili haji."

Gidioni akacheka. Elisifa hakucheka. Aliichukua simu ya mumewe, akasoma ule ujumbe kwa sauti, polepole, kama anavyowasomea watoto wa darasa la tatu anaowafundisha.

"Gidioni, umemwita baba mdogo mwizi wa ardhi. Mbele ya watu themanini na sita."

"Mimi? Nimesifia programu!"

"Umesema masale yake yameingia kwetu."

"Ni lugha ya vipimo tu!"

"Haya. Jumapili nani atafungua pipa la mbege? Nani atamkata ndafu masikio? Programu?"

Hapo ndipo Gidioni alipokaa chini. Baba yake hakuwepo tena, wala baba zake wakubwa. Mzee pekee aliyebaki katika ukoo wa Ndekirwa alikuwa Sylvanus. Asipofungua pombe yeye, hakuna atakayeinywa, wala ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima, hataguswa. Asipomwekea mtoto mkono kichwani nyumbani, wageni watakula haraka haraka na kwenda kusimulia. Tena ukiacha wageni, kulikuwa na Loveness, ambaye tayari alikuwa amejilaza kitandani na viatu miguuni.

Akaufuta ujumbe. Lilikuwa kosa la pili. Wale ambao hawakuwa wameusoma wakauliza kilichofutwa ni nini, na wale waliousoma walikuwa na picha yake, wakairudisha.

*

Kesho yake kanisani Sylvanus alikaa benchi la mbele kabisa ili asione uso wa mtu. Baada ya ibada sadaka za mazao zikanadiwa nje kama kawaida: mayai, parachichi, jogoo mmoja mwenye kelele, na mkungu wa ndizi mshare ulioletwa na Sylvanus mwenyewe. Gidioni akaona hapo ndipo pa kumpoza mzee wake.

"Elfu kumi!" akasema kwa sauti ya kusikika.

"Kumi na mbili," ikatoka sauti nyuma.

Mzee wa kanisa Theodory, aliyekuwa ananadi, akautua mkungu chini. "Mzee Sylvanus, lakini huu si ni wa kwako?"

"Nimeutoa kwa Mungu. Sasa naununua kwa Mungu. Kuna mtu ana neno? Au tulete kipimo?"

Watu wakacheka. Gidioni naye alijaribu kucheka, akashindwa. Akasema kumi na tano, mzee akasema ishirini, Gidioni akaacha. Sylvanus akalipa, akabeba ndizi zake mwenyewe begani akapanda nazo mlima, na Mektrida, aliyejua hiyo elfu ishirini ilikuwa ya matumizi ya nyumbani, alitembea hatua kumi nyuma yake mpaka nyumbani.

Jumatatu wateja walikuwa na la kusema. "Fundi, njoo unipimie na mimi, labda utaniongezea heka," akasema mmoja aliyekuja kubadilisha kioo. Gidioni alijibu kwa somo refu kuhusu vioo bandia, lakini moyoni aliumia. Kwa miaka kumi na miwili watu walikuwa wanamwita mtaalamu, na hilo jina alilipenda kuliko koti lake la kanisani.

Akatafuta njia, na akaitafuta mahali alipozoea kutafuta. Alilipiga picha jani la isale, akaondoa mandhari ya nyuma, akaling'arisha kijani, akalichorea fundo, na chini yake akaandika "Nisamehe, Baba". Ikawa stika. Kazi ilikuwa safi. Kwenye ukingo wa jani hata umande ulionekana. Akaituma kwenye kundi, akamwomba Godwin ampigie mzee simu amweleze kwamba isale limeshatumwa.

Ndani ya saa moja stika ilikuwa imesambaa. Vijana wa ukoo waliwatumia wachumba wao. Jumanne mchana mteja aliyeahidi kuja kuchukua simu yake tangu wiki iliyopita alimtumia Gidioni stika hiyo hiyo, bila kujua kwamba anamtumia aliyeitengeneza. Gidioni, na aibu yake yote, alijisikia vizuri kidogo.

Jibu la Sylvanus lilipita kwa Mektrida, likamkuta Elisifa bombani.

"Mwanangu, baba yenu anasema hajalikataa isale," Mektrida alisema huku akikinga ndoo. "Anasema atakataaje kitu ambacho hakijafika?"

Elisifa alilifikisha kwa mumewe neno kwa neno. Gidioni akapandisha mabega.

"Lakini isale hutumwa! Hata zamani lilikuwa linatumwa na mtu. Huyo mtu alikuwa mtandao wa wakati huo. Tofauti iko wapi?"

"Huyo mtu alikuwa na miguu," Elisifa akamjibu. "Alipanda kilima, akasimama mlangoni, akaonekana ana aibu. Stika yako imesimama wapi?"

Gidioni alikuwa na jibu zuri, lenye hoja tatu. Mkewe hakulisubiri.

*

Jumatano Loveness alirudi kutoka mazoezi ya kanisani macho yamevimba. Mchungaji alimwuliza maswali mawili mbele ya wenzake, na yote mawili yalimpotea mdomoni.

"Lakini unayajua," Gidioni akamwambia. "Na nimekutengenezea. Hebu ona." Akamwonyesha simu. Alikuwa amerekodi maswali yote kwa sauti yake mwenyewe, akayapanga; ukijibu unabonyeza, swali lingine linakuja. Ilikuwa kazi ya usiku mbili na aliifanya kwa mapenzi.

Loveness akasikiliza swali la kwanza, la pili, akairudisha simu.

"Ni nzuri, baba. Ila simu haikohoi."

"Haikohoi?"

"Babu akiona naenda kukosea anakohoa. Kidogo tu. Halafu nakumbuka." Machozi yakamtoka. "Jumapili wataniuliza mbele ya kanisa zima. Babu asipokuwepo mimi sisimami. Mwambieni mchungaji naumwa."

Akaingia chumbani. Gidioni alibaki na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi hakutafuta maelezo. Alimwonea huruma mtoto, na akamwonea huruma baba yake mdogo pia. Akamfikiria yule mzee amekaa peke yake barazani saa kumi na moja jioni, hana wa kumkoholea.

"Kesho sifungui kibanda," akamwambia mkewe.

"Usikate isale la mpakani," Elisifa alisema. "Umesikia? Hilo usiliguse hata kwa ukucha."

*

Shida ni kwamba masale yote ya kwao yalikuwa ya mpakani. Alhamisi mchana Gidioni alizunguka nyumba mara mbili, amevaa shati la kufungwa vifungo mpaka juu, mikono mitupu. Mektrida akamwona kutoka ng'ambo. Aliingia nyuma ya jiko lake, akatoka na jani refu la kijani, akamkabidhi juu ya mstari wa masale.

"Chukua hili. Lifunge mwenyewe. Mimi sijui lolote."

"Aika, mama mdogo," Gidioni akashukuru, akalifunga fundo kwa vidole vilivyozoea skrubu ndogo kuliko majani. Akazunguka njia ndefu, ya barabarani, ili aingie kwa mlango kama mgeni.

Sylvanus alikuwa anachambua kahawa kwenye waya wa kuanikia, akitoa punje mbovu moja moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Hakuinua macho. Gidioni akasimama. Mzee akachambua safu nzima, akaanza nyingine. Jua lilikuwa linachoma shingo, na Gidioni, mtu wa kuudhika programu ikichelewa kufunguka sekunde tatu, alisimama karibu nusu saa bila kuigusa simu yake. Hatimaye Sylvanus akajifuta mikono.

"Umeshika nini?"

"Isale, baba. Nimekosa."

Mzee akalipokea kwa mikono miwili. Akalipima uzito, akaligeuza, akalitazama kwa karibu kwa sababu jicho moja lilikuwa na ukungu.

"Hili nimelipanda mimi. Liko nyuma ya jiko."

Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka.

"Ni kweli, baba. Kwetu yote ni ya mpakani. Niliogopa kukata."

"Jumamosi hukuogopa." Sylvanus akakaa kwenye kigoda. "Umenikosea nini? Sema. Nimesikia kwa Godwin, nimesikia kanisani. Kwako sijasikia."

"Niliandika kwamba masale yako yameingia kwetu."

"Masale yana miguu?"

"Hayana."

"Kama yameingia, kuna mtu ameyaingiza. Huyo mtu ni nani?"

Gidioni akajua sasa kwamba hapakuwa na lugha ya vipimo ya kujifichia. "Ni kama nilisema ni wewe," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikuwa na nia hiyo, baba, ila ndivyo nilivyosema."

Sylvanus akaliweka isale juu ya paja. Alikuwa na hasira bado, na pia alikuwa amechoka kuwa nayo. Siku tano ni nyingi kwa mzee asiye na wa kumsomea.

"Nimelipokea. Kosa limekwisha. Lakini Jumapili ni jambo lingine. Nitakaaje mbele ya watu, na mita nne bado zinatembea huko Dar? Lete hiyo simu yako. Pima tena, na mimi nikiwepo."

*

Walianzia kule chini kwenye mfongo. Gidioni akatembea mbele, simu kifuani. Sylvanus nyuma na fimbo. Walipofika mwisho simu ikalia.

"Inasema ngapi?"

Gidioni akaangalia, akaangalia tena. "Thelathini na nne."

"Jumamosi ilisema ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Kwa hiyo sasa ni wewe umeingia kwangu."

"Mita tatu," Gidioni akakubali, jasho linamtoka.

"Rudia."

Akarudia. Ishirini na tisa. Akasimama chini ya mgomba, akaipanua picha kwa vidole viwili, na hapo, pembeni kabisa mwa kioo, chini ya mstari mwekundu uliochorwa kwa madaha, akaona maneno ya kijivu yasiyozidi ukubwa wa chungu. Akayasoma moyoni. Yalisema kwamba kipimo kinaweza kupungua au kuzidi kwa mita tisa.

Angeweza kuyafunika kwa kidole. Mzee asingeona, jicho lake lisingetosha. Gidioni alisimama na hilo wazo muda mfupi, kisha akalitupa.

"Baba, majani yamefunika anga. Setilaiti ikikosa kuona vizuri, simu inakisia."

"Inakisia?"

"Inakisia."

"Na ikikisia, inasema kwamba inakisia, au inanyamaza kama waongo wengine?"

"Inasema. Imeandika hapa. Kwa maandishi madogo."

"Wewe uliyasoma lini?"

"Sasa hivi."

Katika miaka kumi na miwili ya Neno la Teknolojia, Gidioni hakuwahi kutamka maneno mazito kama hayo mawili. Mabega ya Sylvanus yakaanza kutikisika, na Gidioni akachelewa kuelewa kwamba mzee anacheka.

"Basi simu haina kosa," Sylvanus akasema akijifuta jicho. "Simu imesema haijui. Ina adabu kuliko mwenye nayo."

"Nilete futi ya fundi, baba? Nikapime kwa uhakika."

"Acha. Njoo hapa." Akagusa isale la kwanza kwa ncha ya fimbo. "Hili alipanda babu yako Ndekirwa mwenyewe. Haya matatu alipanda mama yetu, babu yako akiwa Nairobi. Lile lilikufa mwaka wa njaa, tukalirudishia mimi na baba yako. Mimi nilishika mche, yeye akashindilia udongo kwa kisigino. Alikanyaga kidole changu. Ona." Akainua kidole gumba cha kulia chenye ukucha uliopinda.

Gidioni alikishika kile kidole. Alikuwa amekiona maisha yake yote, na hakuwahi kuuliza. Akashindwa kujizuia, akalia pale pale kwenye mfongo, mwanaume wa miaka arobaini na tatu, na baba yake mdogo akasimama karibu naye akaangalia migomba mpaka alipomaliza.

"Nitaandika kwenye kundi," Gidioni akasema waliporudi kukaa barazani. "Nitawaambia nilikosea."

"Ukiandika wewe watasema nimekulazimisha. Hicho kitu kinabeba sauti? Nipe niseme."

"Unabonyeza hapa, baba, usiachie mpaka umalize."

Sylvanus akabonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu ya mtu anayepiga muhuri, akakohoa, akapaza sauti ili asikike mpaka Mwanza.

"Wana wa Ndekirwa, hamjambo. Ni mimi Sylvanus. Mpaka wetu uko pale pale ulipoachwa. Mwanangu Gidioni amekuja kwa miguu yake, ameleta isale, nimelipokea. Simu yake nayo nimeihoji mwenyewe, imekiri kwamba inakisia. Anayetaka kujua zaidi aje Jumapili kwenye kipaimara cha mjukuu wangu, aulize mbele ya ndafu. Na wewe Godwin, uje na viatu vya mtoto, namba thelathini na nane..."

"Waambie waje mapema!" Mektrida akapiga kelele kutoka jikoni. "Na wewe uwaambie ndizi za kupikia machalari zipo, umezinunua elfu ishirini!"

"Mama, nazungumza na watu!"

Kidole kikaachia. Ujumbe ukaenda, wote, na elfu ishirini ndani yake. Siku nyingine Gidioni angeomba arudie, aikate ile sehemu ya mwisho, asafishe sauti ya kuku. Leo aliiacha. Alikuwa amesikia neno moja tu, mwanangu, na lilimtosha.

"Wamesikia?" Sylvanus akauliza baada ya muda.

"Hamsini na tatu wameshasikia. Mpaka yule wa Ujerumani."

"Vizuri. Sasa niitie mtoto. Amebakiza siku tatu, na kichwa chake kimekaa wiki nzima bila kazi."

Loveness alikuwa ametoka shule saa hiyo. Hakuzunguka barabarani, alipita katikati ya masale kwa njia yake ya kila siku, sketi imeinuliwa, daftari kichwani. Akamsalimia babu yake, akajifuta mikono kwenye sweta, akasimama wima barazani kama atakavyosimama mbele ya kanisa. Gidioni akainuka ili awaachie nafasi.

"Wewe kaa," Sylvanus akamwambia. Kisha akamgeukia mjukuu. "Leo hatuanzii mwanzo. Nipe amri ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo. Na maana yake."

Loveness akamtazama baba yake, akasita. Gidioni akavua kofia, akaiweka gotini, akaanza kuisema pamoja naye.